Binadamu na sokwe wana jeni karibu zilezile. Tofauti inatoka wapi? (Uzi mrefu, njoo na chai)

Mzamiaji

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna mtu aliuliza humu: kama kweli sisi na sokwe tunafanana vinasaba kwa asilimia 99, mbona sokwe wa Gombe hajajenga hata kibanda cha makuti? Uzi ukageuka uwanja wa matusi, ukafungwa. Lakini swali lenyewe lilikuwa zuri kuliko majibu yote liliyopewa.

Mwaka 1975 Mary-Claire King na Allan Wilson, wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, walikaa na swali hilohilo. Walilinganisha protini za binadamu na za sokwe, wakakuta zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa kipimo kile tungepaswa kuwa spishi mbili ambazo ukizitazama kwa macho huwezi kuzitenganisha. Sasa mtazame sokwe, kisha jitazame kwenye kioo.

Wakahitimisha kwamba mabadiliko ya protini peke yake ni machache mno kueleza tofauti ya mwili na maisha. Kilichobadilika sana lazima kiwe kwenye udhibiti: jeni ipi inafanya kazi, lini, sehemu gani ya mwili, na kwa kiasi gani. Walisema hayo wakati hakuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kusoma jenomu ya sokwe, yaani DNA yake yote. Ilikuja kuchapishwa 2005, ikaonyesha tofauti ya herufi mojamoja ya kama asilimia 1.2, na ukihesabu vipande vilivyoongezeka au kukatika inapanda.

Msingi kwa ambao biolojia waliiacha kidato cha pili: seli ya ini lako na seli ya ubongo wako zina DNA ileile. Tofauti ni jeni zipi zimewashwa. DNA yote ni kama herufi bilioni 3, na sehemu inayoandika protini haifiki asilimia 2. Jeni za protini tunazo kama 20,000. Na kabla hujajisifu, kuna mnyoo wa udongoni wa milimita moja, C. elegans, naye anazo kama 20,000. Idadi ya jeni haimpi mtu cheo.

Ndani ya ile sehemu kubwa isiyoandika protini kuna vipande vifupi ambavyo protini maalumu hujishikiza hapo na kuamuru jeni fulani iwake au izime. Nitaviita swichi, kwa sababu ndivyo hata wataalamu wanavyoviita wakiongea kawaida. Jeni moja inaweza kuwa na swichi nyingi: moja ya figo, moja ya miguu, moja ya ubongo. Shikilia hapo, ndiyo roho ya uzi huu.

Mfano mmoja kisha nipumue. Mwaka 1995 maabara ya Walter Gehring kule Basel, Uswisi, walichukua jeni ambayo nzi wa matunda huitumia kuanzisha jicho, wakailazimisha iwake mahali pasipo pake. Jicho likaota mguuni. Likaota kwenye bawa, likaota kwenye kipapasio. Jicho lenye vioo vyake vyote vidogovidogo vya nzi. Halafu wakachukua jeni ya panya inayolingana nayo, wakaiwasha ndani ya nzi. Likaota jicho tena, na lilikuwa jicho la nzi. Panya na nzi waliachana ukoo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, bado jeni inayosema "hapa paote jicho" inaelewana pande zote mbili. Jicho la aina gani, hilo linaamuliwa na jeni na swichi za mwenyeji.

Narudi na samaki wetu.

Chapa Ilale

Nipo paleee na popcorn. Endelea mkuu.

Kisiki cha Mpingo

Mguu wenye jicho? Hiyo si sayansi hiyo, ni Gamboshi, kijiji cha wachawi.

Mzamiaji

Hahaha, Gamboshi hawachapishi majarida.

Haya, samaki. Waliokulia Mwanza, Musoma, Bukoba au Kisumu wanawajua furu, wale wadogo ambao sangara aliwamaliza vibaya sana miaka ya 80. Ziwa Victoria lilikauka, au karibu likauke kabisa, kisha likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Ndani ya muda huo limekuwa na spishi kama 500 za furu. Wako wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaovunja konokono, wanaokula samaki wenzao, wengine ni wezi wa watoto wa samaki mdomoni mwa mama zao. Kwa saa ya mageuzi, miaka 15,000 ni sekunde chache. Hakuna muda wa kutunga jeni mpya kabisa kwa kila spishi.

Kati yao yuko mmoja mwenye jina kubwa: Pundamilia nyererei. Spishi hii iliandikwa kisayansi 1985, na jina ni heshima kwa Mwalimu Nyerere. Dume wake ni mwekundu mgongoni, ana mistari ya wima ubavuni, anakaa kwenye visiwa vya mawe kusini mwa ziwa. Mistari ya ulalo, ya kutoka kichwani kwenda mkiani, hana. Jirani yake Haplochromis sauvagei anayo.

Timu ya Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, iliwazalisha hao wawili pamoja, ikapata wajukuu, wengine wana mistari wengine hawana, ikafuatilia DNA hadi ikaangukia kwenye jeni moja inaitwa agrp2. Matokeo yalitoka 2018. Utamu uko hapa: tofauti haikuwa kwenye protini. Samaki mwenye mistari na asiye na mistari wote wana jeni hiyo nzima. Ila kwa asiye na mistari, agrp2 inatengenezwa kwa wingi zaidi kwenye ngozi, na kazi yake ni kuzuia mstari usitokee. Wakaikata jeni hiyo ndani ya samaki wa Mwalimu kwa CRISPR, ule mkasi wa maabara wa kukata DNA, na samaki ambaye ukoo wake hauna mistari ya ulalo akatoka nayo.

Halafu wakaenda kuangalia furu wa Nyasa na Tanganyika, maziwa ambayo samaki wake wamepata na kupoteza mistari kivyao, mbali kabisa na Victoria. Jeni ni ileile, na kanuni ni ileile: ikiwaka sana mstari hakuna, ikiwaka kidogo mstari upo.

Kwa hiyo mtu akikwambia mageuzi ni bahati nasibu tupu, mwambie tiketi ni za bahati, lakini njia zinazopitika ni chache, na zinarudiwarudiwa.

Binti Sayari

Asante kaka Mzamiaji. Swali: kwa nini mageuzi yapende kuchezea swichi badala ya kubadilisha jeni yenyewe? Inaonekana ni kuzunguka mbuyu.

Mzamiaji

Dada, swali zuri, jibu lake ni nyoka.

Kuna jeni inaitwa Sonic hedgehog (ndiyo, waliiita kwa jina la mhusika wa gemu). Inatumika kwenye ubongo, uti wa mgongo, mapafu, na pia kuotesha mikono na miguu. Ukiiharibu jeni yenyewe kiinitete hakifiki popote. Sasa nyoka ametoka kwa mababu wenye miguu. Angewezaje kupoteza miguu bila kupoteza ubongo? Jeni hiyo anayo nzima. Kilichoharibika ni swichi yake ya miguu tu, kipande cha herufi mia kadhaa kilichokaa umbali wa karibu herufi milioni moja kutoka kwenye jeni.

Mwaka 2016 watafiti wa Berkeley walitoa swichi hiyo kwa panya, wakaweka ya nyoka mahali pake. Panya akazaliwa mzima, ila miguu ni vibutu. Wakaweka ya binadamu, miguu ikawa ya kawaida. Wakaweka ya silikanti, yule samaki wa zamani anayenaswa Tanga na Comoro, miguu ikawa ya kawaida! Samaki asiye na mguu anatunza swichi inayoweza kuotesha mguu wa panya, kwa sababu yeye anaitumia kwenye mapezi. Wakarudi kwa ile ya chatu, wakaona kuna herufi 17 zimepotea, wakazirudisha. Miguu ikaota.

Ndiyo faida ya swichi. Unabadilisha sehemu moja ya mwili, zingine haziguswi.

Mwarabu wa Pwani

Salaam kutoka Muscat. Hii habari ya swichi inahusiana na maziwa? Nilisikia Wazungu na wafugaji wana jeni ya maziwa, wengine hawana. Hapa wazee wanakunywa maziwa ya ngamia jagi zima, mimi glasi moja tumbo linaanza kuhutubia.

Mzamiaji

Ndugu yangu, jeni ya maziwa unayo. Kila mtoto anazaliwa nayo, la sivyo asingenyonya. Inatengeneza kimeng'enya kiitwacho laktesi cha kukata sukari ya maziwa. Kwa mamalia karibu wote jeni hiyo inazimwa mtoto akishaacha ziwa. Wanaokunywa maziwa ukubwani bila shida ni watu ambao swichi yao haizimi.

Kwa Wazungu herufi inayohusika ilipatikana 2002. Tatizo ni kwamba walipoitafuta kwa wafugaji wa Afrika Mashariki hawakuiona, na watu wanakunywa maziwa kila siku. Hapo akaingia Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Muhimbili. Walizunguka Tanzania, Kenya na Sudan, wakapima watu 470 kutoka makabila 43. Kipimo chenyewe ni cha kawaida sana: unapewa gramu 50 za sukari ya maziwa zilizokorogwa kwenye maji, kiasi unachokipata kwenye lita moja au zaidi ya maziwa, kisha unachomwa kidole kila baada ya muda mfupi kwa saa nzima, wanaangalia sukari kwenye damu. Ikipanda, laktesi inafanya kazi. Isipopanda, pole, choo kiko wapi.

Majibu ya 2007: herufi moja imebadilika, G imekuwa C, herufi 14,010 kabla ya jeni ya laktesi. Iko ndani ya tumbo la jeni nyingine isiyohusika kabisa na maziwa. Ni ya kawaida kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya, na umri wake walikadiria kati ya miaka 2,700 na 6,800, wakati uleule ng'ombe walipokuwa wanashuka kutoka kaskazini. Na kwenu huko Uarabuni kuna herufi nyingine tofauti, ya 13,915, inayohusishwa na ufugaji wa ngamia. Ya Wazungu iko 13,910. Zote ndani ya kipande cha herufi kama 100. Watu watatu wasiojuana wamekarabati swichi ileile, kila mmoja kwa njia yake.

Wewe inaonekana ulirithi upande usiofuga. Jaribu mtindi, bakteria wanakuwa wameshakula sehemu ya sukari.

Mwarabu wa Pwani

Bibi yangu Mzaramo. Kesi imefungwa.

KichwaNgumu

Mzamiaji unaandika vizuri lakini unavutia kwako. Unaleta mifano inayokubali tu. Nikuletee mingine:

Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Herufi moja ndani ya jeni yenyewe, protini inabadilika. Hakuna swichi hapo.

Furu haohao. Mwaka 2008 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba nyererei mwekundu na ndugu yake wa buluu wanatofautiana kwenye protini ya jicho inayopokea mwanga mwekundu. Kina cha maji kinabadilisha rangi ya mwanga, jicho linafuata, jike anachagua dume anayemwona vizuri, spishi zinagawanyika. Protini, mkuu. Si swichi.

Twiga. Mwaka 2016 Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, pamoja na Douglas Cavener wa Marekani, walisoma jenomu ya twiga na ya ndugu yake okapi. Walipata jeni 70 zenye dalili za kubadilika kwa namna ya pekee kwa twiga, na mabadiliko mengi waliyojadili ni ya protini, hasa ya jeni iitwayo FGFRL1.

Na 2007 Hopi Hoekstra na Jerry Coyne waliandika makala ndefu wakisema watu wa swichi wanatangaza ushindi mapema, ushahidi wa protini ni mwingi kuliko wa swichi. Jibu hayo.

Chapa Ilale

Sasa uzi umeanza.

Mzamiaji

KichwaNgumu, karibu sana, ulichelewa.

Selimundu nakubali yote. Jicho la furu nakubali yote. Hoekstra na Coyne walifanya kazi nzuri ya kuwatuliza watu. Wakati ule mifano ya swichi iliyothibitishwa hadi kwenye herufi ilikuwa michache. Imeongezeka tangu hapo.

Kwa twiga nikuongezee. Mwaka 2021 watafiti wa China waliiweka FGFRL1 ya twiga ndani ya panya. Walitarajia nini, nadhani unajua. Shingo ya panya haikurefuka. Ila panya walipopewa dawa ya kupandisha presha, presha yao haikupanda kama ya wenzao, moyo na figo zikasalimika, na mifupa yao ikawa imara zaidi. Yaani protini ya twiga inasaidia kuishi na presha kubwa inayosukuma damu hadi kichwani. Urefu wenyewe bado haujaelezwa nayo. Twiga ana pingili saba za shingo kama mimi na wewe. Kila pingili ndiyo imerefuka. Kukua zaidi, mahali maalumu, kwa muda maalumu, hiyo kwangu inanuka udhibiti, ingawa nasubiri mtu aoneshe herufi.

Msimamo wangu ni huu: ukizungumzia kemia ya mwili, yaani damu, kuona, sumu ya nyoka, usagaji wa chakula, tafuta kwenye protini kwanza (na maziwa yatakusuta). Ukizungumzia umbo, yaani nani ana miguu, mistari iko wapi, mfupa una urefu gani, tafuta kwenye swichi kwanza. Si sheria, ni pa kuanzia.

KichwaNgumu

Hapo tunaweza kukaa meza moja. Ila "inanuka" siyo ushahidi.

Mzamiaji

Ndiyo maana nimesema nasubiri.

Mtumishi

Yote haya yanaonyesha ufundi wa Muumba. Swichi hazijiwashi.

Kisiki cha Mpingo

Mtumishi tuko na herufi 14,010 hapa, jukwaa la dini lipo kule juu kushoto.

Fundi Sanifu wa Maabara

Naomba niongeze moja kabla mods hawajaamka, maana iko mkononi mwangu kila siku.

Kwenye chembe nyekundu za damu kuna protini inaitwa Duffy. Kimelea cha malaria aina ya Plasmodium vivax huitumia kuingilia. Waafrika wengi, hasa Magharibi na Kati, chembe zao nyekundu hazina Duffy, na mwaka 1976 ilionekana kwamba ndiyo sababu vivax haiwapati kirahisi. Watu wakadhani jeni imekufa. Mwaka 1995 ikagundulika kwamba jeni ni nzima kabisa: herufi moja tu imebadilika kwenye swichi inayotumika na chembe nyekundu, T imekuwa C. Seli nyingine mwilini zinaendelea kutengeneza Duffy kama kawaida. Mlango mmoja umezibwa, kazi zingine za protini zimebaki. KichwaNgumu, hii ni damu, na ni swichi. Ila tusilewe: siku hizi vivax imeonekana hata kwa watu wasio na Duffy, Madagascar na Ethiopia kwa mfano.

Mama Wawili

Samahanini wataalamu, mimi si mtu wa sayansi. Mmetaja selimundu. Mtoto wangu wa pili anayo, anatumia haidroksiyurea, na daktari alisema inarudisha "damu ya kichanga". Je, hiyo ndiyo habari ya kuwasha jeni mnayosema?

Fundi Sanifu wa Maabara

Ndiyo, mama, ni hiyohiyo. Pole na hongera kwa kumfuatilia.

Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya aina yake. Baada ya kuzaliwa, jeni hiyo inazimwa polepole na ya ukubwani inachukua nafasi. Kosa la selimundu liko kwenye ya ukubwani, ndiyo maana kichanga huonekana mzima miezi ya mwanzo. Ile ya utotoni bado anayo, imelala tu. Kuna watu wanaozaliwa na swichi isiyoizima vizuri, na wakirithi selimundu hawaumwi sana. Baadhi ya wagonjwa wa mashariki ya Saudia na India wako hivyo.

Protini inayoizima inaitwa BCL11A. Tiba mpya iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, Casgevy, inakata swichi ya BCL11A inayotumika kwenye chembe nyekundu tu, ile ya utotoni inaamka. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na lazima kwanza uboho wa mgonjwa uuliwe kwa dawa kali. Kwa sasa si ya kwetu.

Haidroksiyurea haikati chochote, lakini nayo inapandisha himoglobini ya utotoni. Utafiti uliotoka 2019 uliwafuatilia watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda waliokuwa wakiitumia: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia.

Ila inashusha chembe nyeupe, kwa hiyo kile kipimo cha damu wanachokupangia kliniki usikiruke hata kama mtoto anacheza vizuri. Na dozi hupangwa kwa uzito, akikua waambie wampime upya.

Mama Wawili

Nashukuru mno. Kliniki ni Jumanne, nitawaambia wampime uzito.